Risasi Iliyobanwa Mno

"Siku risasi yangu itakapogoma," alisema Verlin Hupp, amesimama juu ya benchi la kituo cha zimamoto na bakuli la maharage mkononi, "mnikate shati, mnikate na suruali, kisha mnipeleke kanisani hivyo hivyo."

Watu wakacheka, wakapiga meza. Ilikuwa karamu ya maharage, Jumamosi ya mwisho kabla ya msimu wa bunduki, na ukumbi ulikuwa umejaa familia zote za Carver Ridge. Mchungaji naye alikuwepo, akasema apewe taarifa mapema ili siku hiyo ahubiri amefumba macho. Lorna, mke wa Verlin, akamvuta pindo la jaketi.

"Shuka huko, mzee mzima, utavunja nyonga."

Hakushuka. Bado alikuwa na la kuongeza. Alisema wote wanaosaka naye wamejaza friza zao kwa risasi za mkono wake, na anayesema amewahi kuvuta kifyatulio akasikia "tik" badala ya mshindo, anyooshe mkono. Hakuna aliyenyoosha. Delmas Crum, jirani yetu, ambaye hupiga mdomo kuliko anavyopiga bunduki, aliinua kijiko tu akaomba mkate wa mahindi zaidi.

Na alikuwa na haki ya kujisifu. Hilo ndilo linalouma. Verlin alikuwa fundi wa mabasi ya shule hadi alipostaafu, mtu mwenye viganja kama sepetu, lakini ukiviona viganja hivyo vimeshika fataki, kidude kidogo kama dengu kinachowasha baruti, ungedhani anamvisha kifaranga soksi. Nyuma ya nyumba yake kuna karakana, na ndani ya karakana kuna meza ambayo hukuruhusiwa kupiga chafya karibu nayo. Huko alichukua maganda ya shaba yaliyokwisha kutumika, akayasafisha, akayapa fataki mpya, akapima baruti kwenye mizani, akakalisha kichwa cha risasi juu yake, kisha akavuta mkono wa mashine ili kibanio kiubane mdomo wa ganda ukishike kichwa. Redio ilizimwa. Lorna mwenyewe alibisha hodi.

Huku kwetu Ohio risasi yenye shingo kama chupa hairuhusiwi kwa kulungu. Inakwenda mbali mno, na kwenye vilima hivi vyenye nyumba zilizotawanyika unaweza kumkosa kulungu ukampata mtu jikoni kwake anakunywa kahawa. Kinachoruhusiwa ni ganda lililonyooka kuta toka kitako hadi mdomo, kama kikombe cha bati. Zamani hata hilo lilikatazwa, baba zetu wakasaka kwa bunduki za marisau zinazorusha teke kama punda. Sheria ilipolegea kila mtu alikimbilia ganda lililonyooka, na kila aliyelikimbilia alipita kwa Verlin.

Yeye mwenyewe alibaki na bunduki ya babu yake. Ganda la bunduki ile lina ukingo kitakoni, na ukingo ndio unaolizuia lisizame ndani ya chemba, lile tundu la bunduki linamokaa ganda. Mdomo wake unaweza kuubana upendavyo, hata ukaung'ata kwa koleo. Ukingo utalishika ganda mahali pake na risasi italia. Verlin alikuwa amebana midomo ya namna hiyo toka alipokuwa na nywele.

Sasa Janelle.

Janelle ni mjane wa Royce, na Royce alikuwa mtoto pekee wa Verlin na Lorna. Alikufa mwezi Machi, pikapu ikateleza kwenye barafu pale daraja la chini. Aliacha bunduki mpya, ile tunayoiita nne hamsini, bado inanukia mafuta ya dukani, hajawahi kumlenga nayo hata panya buku. Janelle hakuwa msasi. Yeye husafisha meno kwa daktari, na ndiye mtu pekee hapa Carver Ridge anayejua nani anadanganya kuhusu uzi wa meno. Lakini Oktoba aliingia karakanani kwa mkwewe bila kubisha hodi, akasema:

"Baba, nataka kusimama pale aliposimama Royce."

Verlin aligeukia ukutani akatafuta bisibisi. Alitafuta bisibisi kwa muda mrefu sana, na bisibisi ilikuwa mfukoni mwake.

Vuli yote akamfundisha nyuma ya ghala. Lorna anasema ndio mara ya kwanza toka mazishi alimsikia mume wake akicheka nje ya nyumba. Janelle alijifunza upesi: alishusha pumzi kabla ya kuvuta, hakufumba macho, na bunduki ikimsukuma aliisukuma nayo. Risasi za mazoezi Verlin alizibana kidogo tu, kama karatasi ya kibanio inavyoagiza, na zote zikalia.

Kisha akakaa kumtengenezea za msako wenyewe. Hapo ndipo upendo ulipoingilia kazi. Za Janelle, alijiambia, lazima ziwe imara kuliko za wote, kichwa kisitikisike hata akiiangusha bunduki korongoni. Akakizungusha kibanio nusu mzunguko zaidi.

Nne hamsini haina ukingo kitakoni. Kinachoizuia isizame ni mdomo wenyewe wa ganda, unaokaa juu ya kingazi chembamba ndani ya chemba. Ukiubana mno mdomo unajikunja ndani, unakosa pa kukaa, risasi inazama, na pini ya bunduki ikija inaikuta fataki iko mbali. Inaigusa tu, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango asiotaka ufunguliwe. Verlin alilijua hilo. Kila anayetengeneza risasi za aina ile analijua, ni somo la kwanza. Lakini mkono uliozoea haukiulizi kichwa ruhusa.

Jumatatu ya ufunguzi kulikuwa na sakitu, na pumzi zetu zilitoka kama moshi wa magari mabovu. Sisi vijana, pamoja na Delmas, tulikuwa waswagaji: tunaingia kwenye miiba ya bonde tukipiga kelele kama mbwa ili kulungu watoke upande wa pili, ambako watu wazima wamesimama na heshima zao. Janelle alisimama kwenye mwaloni uliopasuka, mahali pa Royce. Chini ya jaketi la rangi ya chungwa alivaa shati la Royce la kusakia, la pamba nzito, miraba myekundu na nyeusi, mikono ameikunja mara tatu. Verlin alisimama juu yake kidogo, kwenye mteremko, ili amwone.

Dume lilitoka. Tulilitoa sisi, kwa hiyo nina haki ya kusema lilikuwa kubwa: pembe pana kama kiti cha kubembea. Likasimama wazi, ubavu wote, likageuza kichwa kututazama sisi tuliokuwa tunabweka, kwa dharau. Janelle akashusha pumzi. Akavuta.

Tik.

Dume lilisikia. Liliruka mara moja likatokomea ndani ya korongo, na tulichokiona baadaye ni mkia mweupe tu ukituaga.

Janelle alifanya kama alivyofundishwa. Alisubiri, mtutu umeelekea chini ya kilima, kisha akavuta komeo, kile chuma kinachofunga chemba, na risasi ikaanguka kwenye majani. Verlin alishuka, akainama, akaiokota. Aliitazama kwa muda mfupi kuliko alivyowahi kutazama risasi yoyote maishani mwake.

"Komeo hukulifunga hadi chini," akasema.

"Nililifunga, baba."

"Hukulifunga vizuri. Mkono ulilegea. Huwa inatokea."

Akaitia risasi mfukoni.

Tulitoka miibani tumechanika mikono. Delmas alikuwa wa kwanza kufika, anahema.

"Kimetokea nini? Nimewaletea dume kama ng'ombe wa maonyesho, halafu nasikia kimya kama kanisani sahani ya sadaka ikipita."

"Komeo," akasema Verlin. "Alikuwa na haraka."

Janelle alihamishia bunduki mkono wa kushoto. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia.

Hapa kuna desturi, na sijui mahali inapoanzia, labda walikuja nayo waliokuja. Ukilikosa windo, unakatwa mkia wa shati, kile kipande cha nyuma kinachochomekwa ndani ya suruali. Kinaandikwa jina na mwaka, kinapigiliwa ukutani kwenye banda la Delmas, tunapochunia. Ukuta wote umejaa. Delmas peke yake ana mikia ya kutosha kushona pazia. Ukisahau kutia risasi, unakatwa. Ukisahau kufunga komeo, unakatwa. Risasi ikiwa ndiyo mbovu, anakatwa aliyeitengeneza. Na mwamuzi wa yote hayo, toka zamani, ni Verlin, kwa sababu ndiye anayejua.

Kwa hiyo jioni ile tulikusanyika bandani, bia mkononi, kulungu wawili wa wengine wananing'inia, na kila mtu akamtazama Verlin. Ningependa kuandika kwamba alisita.

"Komeo," akarudia. "Ni kosa la mpigaji."

"Haya, mama, geuka," akasema Delmas, akiwa ameshika mkasi wa kukatia ngozi, bado anacheka. Janelle akavua jaketi. Delmas akaliona shati. Delmas, ambaye hakuna mpaka wa mzaha ambao hajawahi kuuvuka, akaacha kucheka. Royce alikuwa amelivaa shati lile misimu yote pamoja nasi. Kiwiko kina kiraka cha Lorna.

Janelle akasema, polepole, kwa Verlin tu, lakini banda ni dogo:

"Baba, hili ni la Royce."

"Bwana Verlin," akasema Delmas, "tumkate soksi. Soksi nayo ni nguo. Mwaka ujao..."

"Sheria ni sheria," akasema Verlin. "Mlinicheka Jumamosi mkasema nasema mno. Basi hakuna upendeleo. Lete."

Akamnyang'anya mkasi, akakata mwenyewe. Pamba nzito haikatiki upesi. Ilibidi aurudie mkasi mara kadhaa, na kila aliporudia ulitoa sauti kama mtu anayetafuna. Janelle alisimama wima, mikono juu ya meza ya kuchunia, anaitazama taa. Kisha Verlin akaandika JANELLE kwa kalamu nyeusi, akapigilia msumari. Tulipiga makofi. Makofi gani yale. Ungedhani tunaua mbu.

Siku zilizofuata Janelle hakuja kusimama. Tuliambiwa ana wagonjwa wengi. Verlin alikuja, akasimama kwenye mteremko wake, kulungu jike akampita karibu kiasi cha kumpiga kofi, hakuinua bunduki. Tulimtania kwamba amelala wima. Hakujibu, na Verlin asipojibu tusi ujue anaumwa.

Jumatano alikwenda nyumbani kwa Janelle. Alikwenda kusema, hilo alilisisitiza baadaye, kwamba nia ilikuwa kusema. Risasi mbovu zilikuwa bado kwa Janelle, na hakuweza kuziacha huko. Janelle alimfungulia mlango akiwa bado na sare yake ya kazi, akampa kiti, akampa chombo chenye tambi za kuku juu ya viazi vya kuponda, ampelekee Lorna.

"Nimekuja kuziangalia zile risasi," akasema Verlin.

Janelle akaleta boksi, limefungwa vizuri, na utepe juu yake.

"Chukua tu, baba. Nimekaa hapa mezani nikalifunga lile komeo na kulifungua, bila risasi, nikitafuta nilikosea wapi. Kila mara linafunga. Lakini siku ile nadhani nilitetemeka. Wewe ndiye uliyeona."

Huo ndio uliokuwa mlango, umefunguliwa hadi mwisho, na kiti kimewekwa. Verlin alisema:

"Huwa inatokea."

Akabeba boksi. Akabeba na tambi.

Alipofika karakanani alichukua kipimo, kipande cha chuma chenye tundu la umbo la chemba, akaidondosha risasi ya kwanza. Ikazama. Ya pili ikazama. Hakuhitaji kupima zaidi lakini alipima zote, kwa sababu mtu akitafuta udhuru hupekua hadi kwenye matakataka. Kisha akachukua nyundo ya kuvunjia risasi akaanza kuzitenganisha, kichwa huku, baruti kule. Ni kazi yenye kelele. Lorna alikuja akasimama mlangoni.

"Verlin, unavunja nini?"

"Takataka."

"Za nani?"

Akapiga nyundo tena. Lorna alikuwa amekaa na mtu huyo muda wa kutosha kujua kwamba hilo lilikuwa jibu. Aliondoka, na usiku ule alikula zile tambi peke yake, mlango wa jikoni umefungwa.

Jumamosi ni siku ya soseji. Tunaleta nyama bandani kwa Delmas, tunaichanganya na mafuta ya nguruwe, wanawake wanatia viungo kwa sababu mara moja Delmas alitia yeye, na sisi tunazungusha mashine. Janelle hakuwepo. Lorna alikuwepo, mikono imezama kwenye beseni hadi viwikoni. Verlin alikuwa anazungusha mashine.

Delmas, akiwa anafunga soseji, aliutupia macho ukuta.

"Lakini Janelle naye. Ningekuwa na dume lile mbele yangu, ningelifunga komeo hata kwa meno." Akampiga Verlin begani. "Mwakani umfundishe kufunga mlango kwanza, bwana, ndio uje kwenye bunduki."

Mashine ikasimama.

"Alilifunga," akasema Verlin.

"Nini?"

"Komeo. Alilifunga. Risasi ndiyo iliyokuwa mbovu. Nilibana mno."

Wengine wetu tulicheka, tukidhani ni mzaha unakuja. Alitoa ile risasi mfukoni, ile ile, akaiweka mezani katikati ya nyama. Tuliisogelea. Fataki ilikuwa na kidoa kidogo, kama alama ya kucha. Mtoto wa shule ya chekechea angejua haikupigwa sawasawa. Na mdomo wa ganda ulikuwa umejikunja ndani kama wa bibi asiye na meno.

"Basi umekatwa!" akasema mmoja wetu. "Alisema na suruali!"

Delmas hakucheka. Aliigeuza risasi kwa kidole chenye mafuta.

"Ulijua lini?"

Verlin alijaribu kutabasamu. Ni tabasamu baya zaidi nililowahi kuliona usoni mwa mtu mzima. Lilitoka, likakosa mtu wa kulipokea, likabaki pale limesimama.

"Nilikuja kupima baadaye, karakanani, nikaona..."

"Sikuuliza ulipima lini."

"Nilipoiokota," akasema Verlin.

Lorna alikuwa bado na mikono kwenye beseni, na ameacha kuchanganya.

"Kwa hiyo ulipokuwa unakata," akasema Delmas, "ilikuwa mfukoni mwako."

"Ndiyo."

"Janelle mwenyewe umemwambia?"

"Bado."

"Sasa unatuambia sisi kwa nini? Sisi ndio tuliokatwa shati?"

Verlin akafungua kifungo cha kwanza cha shati lake. Akafungua cha pili. Akaunyoosha mkono akauchukua mkasi wa ngozi, akamwelekezea Delmas upande wa kushikia. Nadhani aliamini kwamba desturi itamsaidia: atakatwa, tutacheka, mkia utapanda ukutani, na jambo litakuwa limepata mahali pa kukaa. Alisimama hivyo, kifua chake cheupe chenye mvi kiko nje kwenye baridi, mkasi umenyooshwa.

Hakuna aliyeupokea.

"Vaa shati, Verlin," akasema Delmas. Si mzee, si bwana. Verlin tu. "Huu ni mchezo wa watu waliokosa kulungu."

Verlin alifunga vifungo. Alivikosea, kimoja kikabaki bila tundu, na hakuna aliyemwambia. Lorna alinawa mikono kwenye ndoo, akaifuta kwa utaratibu, kidole kimoja kimoja, akaenda ukutani, akaung'oa msumari kwa koleo la Delmas. Aliukunja mkia wa shati la mwanawe mara mbili, jina likaingia ndani, akauweka kiganjani mwa mumewe.

"Twende," akasema Verlin.

"Hapana. Nenda."

Yaliyotokea barazani kwa Janelle niliyapata kwa Janelle mwenyewe, nikiwa nimelala kwenye kiti chake cha kusafishia meno, mdomo wazi, mahali ambapo huwezi kumkatiza mtu. Anasema Verlin hakukubali kuingia. Alisimama kwenye ngazi, akasema yote, kuanzia nusu mzunguko wa kibanio hadi tambi. Alirudia mara nyingi maneno "nilitaka ziwe imara". Janelle akamsikiliza hadi akaishiwa.

"Ungesema pale pale chini ya mwaloni kwamba ni risasi," akamwambia, "ningecheka. Tungecheka wote. Ungekatwa shati na leo ingekuwa hadithi."

"Najua."

"Hujui. Siku zote hizi nimekuwa nikimwomba Royce msamaha. Kila nikizima taa. Namwambia, nilisimama mahali pako, nikashika kitu chako, nikashindwa hata kufunga komeo. Ulinisikia mezani pale nikijilaumu, ukanitazama usoni, ukaondoka na chakula changu."

Verlin alikuwa anatazama ngazi. Janelle anasema masikio ya mzee yalikuwa mekundu kama ya mtoto aliyeshikwa na peremende za dukani, na kwamba ndilo jambo pekee lililomfanya asimfungie mlango: Royce naye akiona haya, ilikuwa ikianzia masikioni.

"Niambie nifanye nini," akasema Verlin.

"Bunduki nimeiuza dukani kwa Buell. Alhamisi. Ulisema mkono wangu ulilegea, basi nikaona ya nini." Akaupokea mkia wa shati, akaukunjua, akaliona jina lake. "Hili nitalishona mwenyewe, usimpe Lorna. Wikendi ile ya nyongeza ya msako, Desemba, nitasimama pale pale. Kwa bunduki ile ile. Na kwa risasi za dukani, baba."

Alisema "baba". Verlin anasema hilo alilibeba hadi kwenye gari. Lakini alibeba na yale ya kabla yake.

Jumatatu alikwenda kwa Buell, mwenye duka la bunduki kule mjini, ambaye kila mwaka humtania kwamba anamwibia wateja. Bunduki ilikuwa bado nyuma, haijawekwa kwenye rafu. Buell, ambaye habari ilikuwa imekwisha kumfikia kwa sababu Delmas ana simu, aliitoa bila swali na kuirudisha kwa bei ile ile aliyomlipa Janelle.

"Kuna kingine?"

"Na risasi," akasema Verlin. "Za hiyo."

Kulikuwa na watu wengine dukani, wawili wanaangalia buti, mmoja ni mteja wa karakana yake toka zamani. Buell alimtazama, akangoja, labda akidhani atasema ni za mtu mwingine.

"Unataka maganda matupu? Vichwa?"

"Zilizotengenezwa," akasema Verlin. "Tayari. Za boksi."

Aliyekuwa anajaribu buti akaacha kufunga kamba. Buell akapanda ngazi fupi, akashusha boksi, akaliweka kaunta, akalipangusa vumbi.

Verlin akalipa dola arobaini na saba na senti tisini na tisa.